Chunusi za Damas na Tangazo la Tatu

“Kizuizi gani hicho, binti?” Padri Stanley aliuliza, kalamu mkononi.

“Uso wake, Baba.”

“Uso wake una nini?”

“Umekuwa laini.”

Padri akaiweka kalamu mezani taratibu. Nje ya ofisi ya parokia wanakwaya walikuwa kwenye mazoezi, na sauti ya tatu ilikuwa inakosea palepale kila wakirudia.

“Restuta, vizuizi vya ndoa navijua. Kuna undugu, kuna umri, kuna mtu aliyekwisha kufunga ndoa na mwingine. Cha uso laini sijakutana nacho.”

“Baba, Damas alikuwa na chunusi nyingi. Ulimwona mwenyewe siku ya posa. Sasa hazipo.”

“Tumshukuru Mungu.”

“Tusimshukuru bado. Kuna aliyeziondoa.”

Nikamweleza yale yanayosemwa huku kwetu, ingawa si maneno ya kumwambia padri: kwamba chunusi za mwanaume aliyegonga miaka thelathini zina dawa moja tu, nayo ni mwanamke. Mimi na Damas tulikubaliana kusubiri mpaka ndoa, na nilijua tumesubiri. Kwa hiyo kama dawa imemfanyia kazi, hakuipata kwangu.

Padri alikohoa. “Nani kakufundisha haya?”

“Shangazi Emiliana.”

“Nilijua.” Akafungua daftari la matangazo ya ndoa. “Tangazo la kwanza limesomwa, la pili limesomwa. La tatu ni Jumapili hii, na leo ni Alhamisi. Nakupa mpaka Jumamosi jioni. Ongea na mwenzako. Ukinijia na mwanamke mwenye jina na mahali anapoishi, nasimamisha. Ukinijia na uso laini, nasoma.”

Nilitoka nimenuna. Mimi ni afisa mifugo hapa Chemba, nimezoea kusema mnyama huyu haondoki, na haondoki. Sikuzoea kuambiwa nirudi na ushahidi.

Na ushahidi niliona ninao. Damas ni fundi kompyuta wa ofisi moja ya serikali Dodoma, mwenyeji wa Kibakwe, amepanga Makole. Kwa miezi minne alikataa kabisa kunipigia simu ya video. Leo mtandao, kesho kamera imepasuka, keshokutwa anaumwa kichwa. Jumamosi iliyopita nikaamua kwenda bila taarifa. Alifungua mlango akasimama nyuma yake, jua lisimfikie, na uso wake ulikuwa kama yai lililomenywa.

Nilinyoosha mkono nimguse shavu. Akarudi nyuma.

“Usiguse, Restu. Panachoma.”

“Panachoma nini, na hapana kitu?”

Pale dirishani nikaona kopo la mafuta ya uso, la pinki, na pembeni yake losheni ya kujikinga na jua.

“Haya ya nani?”

Akalifunika kopo kwa kiganja, kana kwamba sijaliona.

“Ya Erica. Alikuja wiki iliyopita, akayasahau.”

Erica ni dada yake. Nilikunywa chai yake, nikaaga vizuri, na nilipofika stendi nikampigia wifi yangu.

“Wifi, uliposahau mafuta kwa kaka yako, hukuyahitaji?”

“Mafuta gani? Mimi Dodoma sijafika tangu mwaka jana. Huku Kibakwe tuko kwenye maharage, hata Mpwapwa mjini sijapanda gari kwenda.”

Nililia toka Dodoma mpaka Chemba. Siyo kilio cha kujifuta pembeni ya jicho. Mama niliyekaa naye siti moja alinipa kanga yake.

Basi siku ile ya Alhamisi, nilipotoka kwa padri, nikamwandikia Damas: “Erica hajafika Dodoma. Tangazo la tatu halisomwi. Usinipigie.”

Alipiga mara kumi na moja. Sikupokea. Ukaingia ujumbe: “Jumamosi nakuja Chemba. Nitakuonyesha kila kitu, ukishaona utaamua mwenyewe.”

Nikampelekea Shangazi simu ausome.

“Anakuja kukuonyesha?” Shangazi alisema. “Basi anaye.”

Jumamosi ni siku ya mnada. Nilikuwa na mbuzi arobaini wa kukagua kabla ya kuandikiwa kibali cha kusafirishwa, na nilikuwa nawafungua midomo kwa hasira ambayo mbuzi hawakuistahili. Ndipo Mzee Zablon, mwenye mbuzi, akanigusa bega.

“Afisa, yule kijana anasubiri mvua ya mwaka gani?”

Niligeuka. Damas alikuwa anakuja katikati ya ng’ombe, kofia pana ya ukili kichwani, na juu ya kofia amefungua mwavuli. Anga lilikuwa halina wingu hata la kuazima. Wafugaji walimpisha njia kwa adabu, kama mgonjwa.

“Restu, naomba dakika kumi.”

“Nina mbuzi arobaini.”

“Nitasubiri.”

Akaenda kukaa kwenye kibanda cha supu, na kibanda chenyewe ni cha Shangazi Emiliana. Nilipomaliza mbuzi wa mwisho nilimkuta ameshasema shikamoo, ameshawekewa supu, na Shangazi anafuta meza iliyokwisha kuwa safi.

Niliketi. “Haya. Nionyeshe huyo mwanamke.”

Damas akatoa mfukoni kibomba kidogo cha kuminya, kama kile cha dawa ya macho ya ng’ombe, akakiweka mbele yangu.

“Huyu hapa.”

“Usinifanyie mzaha, Damas.”

“Sifanyi mzaha. Ni jeli ya chunusi, inaitwa adapalini. Nilipewa na daktari wa ngozi, mwezi huu ni wa nne. Napaka mara moja usiku, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima. Inaifanya ngozi iogope jua, ndiyo maana ya mwavuli.”

“Na mafuta ya pinki?”

“Inakausha. Nilimwambia wa dukani anipe mafuta yasiyo na harufu, akanipa hayo. Rangi ya kopo sikuichagua mimi.”

“Na simu ya video?”

Akafungua simu yake, akanipa. Picha za uso wake, moja kwa kila wiki, alizokuwa anamwonyesha daktari. Ya kwanza niliijua, ni Damas wangu na chunusi zake. Ya pili uso umekuwa mwekundu mpaka masikioni.

“Hapo nilizidisha,” alisema. “Niliona punje ya mbaazi ni utani. Nikapaka kama napaka rangi ukuta, nikidhani zitawahi kwisha.”

Ya tatu ngozi ilikuwa inabanduka kuzunguka mdomo. Ya tano sikuweza kuiangalia kwa muda mrefu. Chunusi zilikuwa nyingi kuliko zile za mwanzo, nyingine zimeiva kabisa, na macho yake katikati ya hizo chunusi yalikuwa ya mtu aliyekata tamaa.

“Daktari alinionya kwamba zinaweza kuzidi kabla ya kupungua. Akaniambia nipumzike siku moja, nipake siku moja, nisiache. Ofisini waliniuliza kama nimemwagikiwa na mafuta ya chipsi.”

Nikaangalia tarehe ya picha ile ya tano. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Siku ile aliniimbia kwa simu ya kawaida, nikamkatia, nikamwandikia kwamba mwanaume anayeficha uso anaficha na mengine.

“Kwa nini hukuniambia?” nilimuuliza.

“Ungecheka.”

“Mimi?”

“Siku ya kishika uchumba, Restu. Nathanaeli, mdogo wako, alisimama akasema shamba la uso wangu limeshalimwa, linasubiri ulezi tu. Watu wote wakacheka. Utani wa shemeji mtu hanuni, na mimi sikununa. Lakini nilikutafuta kwa macho. Ulikuwa umeshika nguzo ya turubai usianguke kwa kicheko.”

Shangazi aliacha kufuta meza.

Nilitaka kusema ulikuwa utani tu. Damas akaniwahi, kwa sauti ya chini.

“Mashemeji kunitania ni haki yao. Wewe siyo shemeji yangu.”

Niliona aibu. Naandika hivyo hivyo kwa sababu sina neno lingine. Nilikuwa nimebeba kesi ya mtu wiki nzima, nimeipeleka mpaka kwa padri, kumbe kiti cha mshitakiwa ni changu.

“Erica je?” niliuliza, kwa unyonge sasa.

“Hapo kosa ni langu. Mwanaume mzima nimepanga makopo dirishani, nikashikwa na haya, nikataja jina la kwanza lililokuja. Nisamehe kwa hilo. Uongo ni uongo.”

“Nimekusamehe.”

“Bado mimi sijamaliza. Daktari amesema nikiacha dawa zinaweza kurudi. Kwa hiyo nataka jibu lako kabla hatujaenda kwa padri. Zikirudi zote, siku ya harusi yenyewe, watu wamejaa na kamera zinapiga, utasimama na mimi?”

“Jibu, mtoto,” Shangazi alisema.

“Nilikukubali ukiwa nazo, Damas,” nilisema. “Nilicheka kwa sababu wote walicheka, nikaogopa nikikutetea watasema sijaolewa tayari nimeshikwa. Huo ulikuwa woga, na uliokuumiza ni wewe. Nisamehe. Zikirudi zote nitasimama, na atakayecheka atanikuta mimi kwanza.”

Alinitazama. Halafu akavuta bakuli la supu iliyokwisha kupoa, akaanza kunywa, na mimi nikajua nimesamehewa, maana Damas akiwa na kinyongo hali chochote.

“Basi mimi nilikosea,” Shangazi alisema. Akafikiri kidogo. “Lakini yale maneno si yangu, niliyakuta.” Akakichukua kile kibomba, akakisogeza mbali na macho asome. “Hii inauzwa wapi? Binti yangu Debora naye uso umemharibikia.”

“Aende kwa daktari kwanza, Shangazi. Mimi nilivyojizidishia mwenyewe umesikia.”

Jioni ile tulikwenda parokia wawili, mwavuli mmoja.

“Tumsifu Yesu Kristo, Baba.”

“Milele amina. Kizuizi kiko wapi?”

“Hakipo, Baba.”

Padri alimtazama Damas usoni, upande huu, kisha upande ule. “Kweli umekuwa laini,” alisema, akaandika.

Jumapili tangazo la tatu likasomwa. Alipofika pale pa kumtaka anayejua kizuizi amjulishe paroko, Padri Stanley alinyamaza kuliko kawaida, akaniangalia juu ya miwani. Niliangalia viatu vyangu.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Nathanaeli aliposhika kipaza sauti nilimkazia macho, akatania mahari, akaketi. Nikapata uhamisho, nikahamia Makole, na hapo ndipo maneno ya Shangazi yalipokwisha kabisa kuaminika: mimi, mwanamke niliyeolewa kwa sakramenti, nikaota chunusi. Kidevu chote, mashavu mpaka taya.

Nilimpigia Shangazi nikamweleza. “Labda kwa wanawake inakwenda kinyume,” alisema.

Damas hakucheka. Alinipeleka kwa daktari wake, nikaandikiwa kibomba changu. Yeye ndiye aliyenikataza kuzidisha, akanionyesha punje ya mbaazi kwenye ncha ya kidole, akaninunulia kofia pana kama yake. Wiki ya nne nilipobanduka, nikakataa kwenda misani, alikaa nyumbani na mimi, akasoma masomo ya siku kwa sauti. Kila Jumapili alinipiga picha. Kufika mwezi wa tano uso wangu ulikuwa umetulia, yakabaki madoa machache ya kidevuni.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai. Nikaenda chumbani, nikarudi na kibomba changu, nikakiweka karibu na kikombe chake.

“Imeisha?”

“Iko nusu.”

“Imeanza kukuchoma tena?”

“Haichomi.”

“Sasa?”

“Daktari aliniambia mwanamke akitaka kutafuta mtoto, hii aiweke kando kwanza.”

Chapati ilikuwa njiani kwenda mdomoni. Akairudisha kwenye sahani.

“Unataka kuiacha lini?”

“Nimeshaiacha. Leo siku ya tatu.”

Gari la maji lilipita barabarani likipiga honi, likaenda zake.

“Na chunusi zikirudi, Restu?”

“Labda zitarudi. Itabidi uniangalie hivyo hivyo.”

Akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akanishika kidevu, palepale penye madoa, akaniangalia bila haraka.

“Nimeshaanza,” alisema.