Wino wa Cill Duilig

Miali ya kisomangozi ilipita juu ya ukurasa wa ngozi ya ndama bila kuugusa, na maneno yaliyokwaruzwa na kufutwa karne nyingi zilizopita yakaanza kujitokeza kama jasho. Mashine ile ilitambua chembe za wino zilizozama ndani ya ngozi, kisha ikaziamsha. Katika jumba la nyaraka jijini Dublin, hakuna aliyeiendesha vizuri kuliko Profesa Orla Keaveney, mtafiti wa Ireland ya kale.

Wino wa juu, ulioandikwa na watawa wa monasteri ya Dairmore, ulisema: “Mwaka huu tauni iliwamaliza watawa wa Cill Duilig.”

Wino wa chini ulisema: “Mwaka huu watu wa Dairmore waliwafungia watawa wa Cill Duilig kanisani, wakawachoma.” Yakafuata majina. La mwisho lilikuwa la mpishi.

Orla alimwita mkurugenzi, Fintan Roche. Fintan alisoma, akashusha pumzi.

“Washa kisafishi,” alisema.

“Kisafishi ni cha kuondoa ukungu.”

“Na wino uliozama pia. Mji wa Dairmore ndio unaotulipia umeme, Orla. Wanajivunia watakatifu wao.”

“Unataka nifute watu waliochomwa?”

“Walishafutwa. Waandishi wa tarihi walimwandikia aliyewalisha. Sisi tuna tofauti gani nao?”

Alisema hivyo huku akitafuna biskuti, na makombo yakiangukia kioo cha mashine. Orla aliyapangusa.

“Umefanya hivi kwa kurasa nyingine?”

“Zile zisizofaa tu. Kabla hazijafika mezani kwako.”

Basi vitabu vyote vya Orla, vile vilivyomletea sifa, vilitokana na ngozi zilizosuguliwa na huyu! Alijifuta viganja kwenye koti, akajifuta tena. Kisha akatoka mbio kwenda ukumbini, ambako wanafunzi walikuwa wakimsubiri, akawasimulia yote aliyoyasoma, jina kwa jina.

Aliporudi na wanafunzi nyuma yake, ukurasa ulikuwa mweupe chini ya wino wa juu. Kisafishi kilikuwa bado cha moto. Fintan alikuwa akinawa mikono.

Mwanafunzi mmoja, Caoimhe, aliinua mkono kwa haya.

“Profesa, wewe ndiwe uliyetufundisha tusiamini tukio lisilo na chanzo. Chanzo cha hili ni kipi?”

Orla aliutazama ukurasa ule safi, unaonuka dawa.

“Sina,” alisema. “Andikeni hivyo pia.”