Lori Halizunguki Isiolo

Kila asubuhi askari alifungua lango la miiba, akawahesabu ng'ombe wakitoka. Saa kumi alasiri aliwahesabu wakirudi. Kati ya saa hizo ng'ombe wa kijiji kizima walichungwa mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa pamebaki vumbi.

Ilikuwa mwaka 1967. Vita vya shifta, waasi wa kaskazini, vilikuwa havijaisha, na serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji katika vijiji vyenye ulinzi. Saado na mumewe Nunow walitolewa upande wa Kotile, wakaletwa karibu na Garissa. Walikuja na ng'ombe kumi na mmoja. Sasa walibaki saba, na mbavu zao zilihesabika ukiwa mbali.

"Tuuze mafahali wanne kabla hawajafa," Saado alisema. "Tununue mbuzi. Mbuzi atakula hata huo uzio wao."

Nunow alikubali shingo upande. Siku ya soko walichukua pasi ya kutoka pale langoni, wakampeleka fahali mmoja Garissa ili waone bei.

Soko la ng'ombe lina desturi yake. Bei haitajwi kwa mdomo. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, wakaelewana kwa vidole. Mwenye ng'ombe husimama kando, akingoja kuambiwa. Dalali Alio akaingiza mkono chini ya shuka pamoja na Noordin, tajiri wa ng'ombe. Wakacheka kidogo. Alio akarudi.

"Themanini."

"Themanini?" Saado alipaza sauti. "Hiyo ni bei ya fahali au ya mkia wake?"

"Abaayo, dada yangu, usinipigie kelele. Tajiri ametaja mia na hamsini. Lakini anakata sabini za lori. Njia ya kwenda Thika, anakowauza, imefungwa kwa sababu ya vita. Lori linazunguka Isiolo. Unaijua Isiolo wewe?"

Saado hakuijua. Nunow naye hakuijua. Alipokea pesa, akatazama chini.

Njiani Saado alimtangulia mumewe kwa hatua ndefu. Alipofika kijijini alikwenda moja kwa moja kwenye darasa la watu wazima.

Darasa lilikuwa kibanda cha matope. Hapakuwa na kitabu hata kimoja. Ubao ulikuwa mlango wa gari lililolipuliwa na bomu barabarani, uliopakwa rangi nyeusi. Mwalimu Koricha, mtu wa Wajir, alikuwa akiwasomesha wanawake majina ya mito ya Ulaya, kama alivyoagizwa.

"Mwalimu!" Saado alisema akiwa bado mlangoni. "Hiyo mito inanywesha ng'ombe wa nani? Nimeibiwa leo kwa sababu sijui Isiolo iko wapi. Nifundishe Isiolo!"

Koricha akaufuta ubao kwa kiganja.

"Umesema kweli," alisema. "Ondokeni hapo katikati."

Alipiga magoti, akasawazisha mchanga wa sakafuni. Akachora mto Tana kwa kidole. Akaweka jiwe la Garissa. Magharibi akaweka jiwe la Mwingi, kisha la Thika. Kaskazini-magharibi, mbali, akaweka la Isiolo.

"Saado, leta uzi. Pima Garissa, Mwingi, Thika. Sasa pima Garissa, Isiolo, kisha Thika."

Saado akapima. Njia ya pili ilikuwa karibu mara moja na nusu ya ile ya kwanza.

"Basi Alio kasema kweli," alisema kwa uchungu. "Ni mbali."

"Ni mbali, ndiyo. Lakini je, lori linapita huko? Sukari ya dukani ililetwa jana. Ilitoka wapi?"

"Thika," Timiro, jirani yake, alijibu. "Dereva aliniambia walilala Mwingi. Walikuja na malori mengine, na askari mbele."

Saado akalitazama jiwe la Mwingi. "Kwa hiyo njia haikufungwa!"

"Haikufungwa. Na lori hurudi na nini?"

"Hurudi tupu," Timiro alisema. "Tupu kabisa!"

Kesho yake Saado na Timiro walimfuata dereva. Alitaka shilingi mia mbili na arobaini kwa lori zima, na lori hubeba mafahali kumi na wawili. Koricha akaandika ubaoni, wakagawanya pamoja. Kila fahali, shilingi ishirini.

"Ishirini!" Saado akapiga ukuta kwa ngumi, matope yakadondoka. "Amekata sabini! Hamsini yangu wamegawana chini ya shuka, nami nimesimama pale kama kigingi!"

"Usiwapige," Koricha alisema. "Msiuze mmoja mmoja. Jazeni lori. Na bei itajwe kwa sauti."

Siku ya soko iliyofuata nyumba tano zilileta mafahali kumi na wawili. Alio akatandaza shuka.

"Kunja shuka lako," Saado alisema. "Tajiri aseme, wote tusikie."

"Wanawake wamekuwa madalali?" Noordin akacheka.

"Mia na hamsini, toa ishirini ya lori. Mia na thelathini. Hutaki? Lori la sukari linapita Mwingi. Dereva anatungoja, na pasi tunazo."

Noordin akamtazama Alio. Alio akatazama kwato za ng'ombe.

"Mia na thelathini," tajiri akasema.

"Sauti!"

"Mia na thelathini!"

Kwa mafahali wake watatu Saado alipata shilingi mia tatu na tisini. Alinunua mbuzi majike kumi na wawili, shilingi ishirini kila mmoja. Zilizobaki, mia na hamsini, nyingine zilinunua unga, na nyingine akazifunga kwenye kanga. Ile hamsini ya fahali wa kwanza haikurudi. Hakuisamehe.

Wiki ile Nunow alikuja darasani kwa mara ya kwanza. Alikuta wanawake wamechuchumaa wakipima kwa uzi kati ya mawe mchangani, wakibishana juu ya bei ya mbuzi huko kaskazini. Akatafuta mahali pa kukaa.

"Pita pembeni, mzee," Saado alimwambia bila kuinua kichwa. "Umeikanyaga Wajir."