Sauti ya Bi Jokha

"Naam!" Bi Jokha aliitikia kutoka jikoni. Akafuta mikono kwenye kanga, akaipanda ngazi kwa mguu wake mbovu mpaka chumba cha juu. "Haya, nimekuja. Umeniitia nini?"

"Sijakwita, mama." Reem alikuwa ameinamia kompyuta.

"Nimeitwa. Tena jina tupu, Jokha. Nani humu ndani wa kuniita Jokha?"

"Joto hilo, mama."

Bi Jokha hakucheka. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya mama yake, na mama yake alikuwa marehemu. Akanusa. "Umefukiza udi?"

Hapakuwa na chetezo mle ndani, lakini harufu ilikuwapo.

Jioni sauti yake ilikwaruza. Kabla ya Ijumaa ilikuwa imekwisha kabisa.

Mwaka huo wa 1998 Reem alikuwa amerudi Unguja kutoka masomoni Uingereza, akakifungua chumba ambacho wazee wa nyumba walikiacha miaka mingi bila kusema wamemwachia nani. Majirani walidhani mtu wa nyota hufanya kazi usiku. Yeye alifanya mchana, madirisha yamefungwa, kwa sababu nyota zake zilikuwa zimeshapimwa. Alichunguza galaksi moja ya mbali mno, ambayo katikati yake mna shimo jeusi linalomeza kila kilicho karibu na kutema moto kuelekea huku kwetu. Moto ule hutoa miale ya eksirei na miale ya gama, na jicho la mtu haliioni hata moja. Setilaiti ilikuwa imeipima ya eksirei, darubini za nchi nyingine zikaipima ya gama. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mistari miwili, mwekundu wa eksirei na wa buluu wa gama, na swali la Reem lilikuwa moja tu: je, inapanda pamoja na kushuka pamoja? Ikiwa hivyo, chanzo chake ni kimoja.

Bi Jokha alikuwa akiwatambia wenzake kule Darajani kwamba mwanawe anapiga picha mifupa ya mbingu. Sasa hakuweza kumtambia mtu.

Kisha, adhuhuri moja, Reem akaitwa kutoka kwenye ngazi. "Reem!" Sauti ilikuwa ya mama yake, safi, ile ya siku zote, na mama yake alikuwa amelala kitandani hatua chache tu kutoka alipokaa yeye, kafumba mdomo. Kila aliyelelewa mji ule anajua kwamba mwito wa adhuhuri hauitikiwi mpaka umwone anayeita. Reem aliuma midomo, asijibu.

Wakamwita mganga wa Mtoni, mzee aitwaye Mmanga, mzaliwa wa Tumbatu, mtu mpole ambaye hakuwahi kumgombeza mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akafukiza ubani, akasoma. Kisha akanong'ona, "Mwenye chumba kakasirika. Hawa majini wameumbwa kwa moto usio na moshi. Hataki moto wake utazamwe. Funga chombo hicho, karatasi zako zitie baharini. Sauti itarudi."

"Na nisipofunga?"

"Bi Jokha atabaki hivi. Sitakulaumu, vyovyote utakavyoamua."

"Mmanga!" ilisikika kwenye ngazi, sauti ya Bi Jokha.

"Naam!" mzee aliitikia kwa mazoea ya kuitwa, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Akakusanya vitu vyake haraka, akaondoka akikohoa.

Reem akapeleka mkono kwenye swichi. Bi Jokha akamdaka kifundo cha mkono, akatikisa kichwa. Akavuta kiti, akaketi kando ya kompyuta, akamwonyesha kwa kidole mistari miwili: fanya kazi.

Siku ya pili adhuhuri udi ulipanda ngazi kabla ya mwito, ukaingia chini ya mlango, ukajaa mpaka Reem akauonja ulimini, na mbao za ngazi zikawa zinalia moja baada ya moja kama zinavyolia anapopanda mtu mwenye mguu mbovu, na komeo likajifungua, na mlango ukaachama, na pale mlangoni hapakuwa na mtu ila sauti ya mama yake, karibu, ikisema, "Reem! Funga! Moto huo ni wetu, tangu kabla yenu!"

Reem akamgeukia mama yake kwa hofu. Mdomo wa Bi Jokha ulikuwa umefungwa. Lakini koo lake lilikuwa likitembea. Sauti ilipopanda, koo lilipanda. Iliponyamaza, likatulia.

"Mama," alinong'ona, "hajaichukua sauti yako. Koo lako linapanda nayo, linashuka nayo. Bado inatoka kwako. Iitikie!"

Bi Jokha akamkodolea macho. Ni yeye aliyekuwa akimfinya mtoto huyu masikio kwa kuitikia ovyo mchana.

"Funga!" ilisema sauti.

"Sifungi!" Reem aliijibu. "Mwanga huu ulianza safari kabla yangu na kabla yako. Si wako. Nitautazama."

Bi Jokha akasimama, akauelekea mlango mtupu. "Naam!" Ilitoka imepasuka, kama kitambaa kinachochanwa. "Naam! Jokha ni mimi! Na mwanangu hafungi!"

Harufu ikakatika. Chini uchochoroni mtu alikuwa akicheka na mwenzake.

Jioni ile Reem alimaliza hesabu. Mistari ilipanda pamoja, ikashuka pamoja.

Kesho yake walikuwa jikoni wakila, Bi Jokha akizungumza bila kupumzika, ndipo juu ya ngazi mtu alipokohoa kwa adabu.

"Jokha!"

Ilikuwa sauti ya mzee wa kiume, ya upole, yenye lafudhi ya Tumbatu.

Bi Jokha akaacha tonge sahanini, akanawa, akachukua buibui lake. "Vaa viatu."

"Twenda wapi?"

"Mtoni. Tukamlete mwenye sauti aje aiitikie." Akainua uso kuelekea ngazi, akapaza sauti nyumba nzima ikasikia. "Na wewe, ngoja hapo hapo!"