Vitu Vyeupe kwenye Kamba ya Bibi Asteria

Vumilia hakuwa na baba, wala kaburi la baba. Duara, shimo la wachimba dhahabu, lilititia huko Geita likamfukia baba, na hakuna aliyemtoa. Hakuwa na sweta la shule. Hakuwa na ndugu wa kugombana naye. Rafiki alikuwa naye mmoja tu, Paskalina, na kwa kosa lake mwenyewe akampoteza.

Kila alfajiri Vumilia alikwenda bombani, pale Nyasubi, akipita nyuma ya nyumba ya Bibi Asteria, muuza soseji, bibi yake Paskalina. Siku moja aliona kwenye kamba vitu virefu vyeupe, vimejaa pumzi, vikiyumba bila upepo. Katikati yake alisimama bibi, macho mekundu, akipuliza. Vumilia alitupa ndoo akakimbia.

"Bibi Asteria anafuga misukule, watu waliofichwa kwa uchawi tukadhani wamekufa," aliwaambia wenzake darasani. "Pumzi zao kazitundika kambani."

"Ndiyo maana soseji zake tamu!" alidakia Ngusa, na darasa zima likacheka.

Vumilia hakucheka. Kimoja kati ya vile vyeupe kilikuwa kirefu kama baba.

Kicheko kile kiliwafuata watoto mpaka majumbani. Wateja wakamkimbia bibi. Hakuna aliyekubali kukaa dawati moja na Paskalina, naye akahamishiwa kwa mjomba wake, huko Chato. Kisha asubuhi moja mlango wa bibi ulikutwa umechorwa msalaba wa mkaa. Vumilia alijua, kama kila mtoto wa huko ajuavyo, yanayompata kikongwe mwenye macho mekundu watu wakishaanza kunong'ona. Kila alipofumba macho alisikia kikohozi cha baba.

"Mama," alisema, "maneno yale yalianza kwangu."

Mama alijifunga khanga, akamshika mkono. "Twende."

"Shikamoo, bibi," Vumilia alisema walipofika uani kwa Bibi Asteria.

"Marahaba. Umekuja kuhesabu misukule wangu?" Bibi alivuta beseni. "Huu ni utumbo mwembamba wa mbuzi, nautoa machinjioni. Naugeuza ndani nje, nakwangua utando, naosha kwa chumvi. Nikiupuliza naona kama umetoboka. Ndipo naujaza nyama ya kusaga, mafuta na kitunguu saumu. Macho haya ni ya moshi wa kukaushia. Haya, puliza."

Vumilia alipuliza. Utumbo ukajaa, ukainuka mkononi mwake kama kitu kilicho hai. Alipouachia, pumzi ilimrudia shavuni, vuguvugu, na harufu ya chumvi. Akaangua kilio.

"Nilidhani ni baba."

Bibi alimfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Baba yako alikuwa mteja wangu," alisema. "Angekuwa kwangu, ningemrudisha kwenu."

Jioni ile mwenyekiti wa mtaa aliita mkutano. Vumilia alisimama akasema kweli yote, na bibi akapuliza utumbo mbele ya watu.

"Kumbe msukule ananuka chumvi!" Ngusa alisema, na safari hii hata bibi alicheka. Baba yake Ngusa ndiye aliyenunua soseji ya kwanza. Mwenyekiti aliufuta msalaba kwa mkono wake.

Njiani mama alisema, "Kuogopa si kosa, mwanangu. Kosa ni kuubandika woga wako jina la mtu, ukautembeza kwa watu kabla hujauliza."

Alfajiri iliyofuata vitu vyeupe viliyumba tena kambani. Moyo wa Vumilia ulishtuka, lakini alisimama. "Shikamoo, bibi," aliita, kisha akaelekea stendi na barua yake kwa Paskalina: *Nimewaambia wote kuwa nilisema uongo. Nisamehe. Rudi, dawati letu lina nafasi.* Akailamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi kondakta wa basi la Chato.