Mlio Mmoja Ni wa Bata

Gogo lilikuwa limelala chini ya maji ya rangi ya udongo, na hakuna aliyeliona. Boti ya bati ya Evon ililipanda kwa kasi yote ya mashine. Sehemu ya nyuma ikanyanyuka, pangaboi likapiga kelele hewani, kisha wimbi kutoka Bahari ya Bering likawapiga ubavuni na kuwamwaga Evon na Agafia kwenye mdomo wa mto Kuskokwim, Septemba, katika maji ya baridi ya kukata pumzi.

Agafia alikuwa wa kwanza kugusa tope. Alisimama, maji yakimfika kifuani, akageuka na kumwona shemeji yake, mdogo wa mumewe, akielea kwa jaketi la boya huku maji yakiwa mekundu kando yake. Pangaboi lilikuwa limemchana paja. Alimshika ukosi akamburuta hadi kwenye kisiwa chembamba cha vichaka vya mierebi, ambako hapakuwa na mti uliomzidi mtu kimo.

Boti ikaenda na maji, chini juu. Ikaenda na hema, redio, chakula, na shotigani ya Evon, ile ya thamani aliyoipangusa kila jioni kwa bidii kuliko alivyowapangusa wanawe kamasi.

Walibaki na vile tu alivyokuwa navyo Agafia mwilini: kisu, kiberiti cha gesi ndani ya mfuko wa nailoni, kichupa cha mafuta ya sili, vipande vya samaki mkavu na risasi tano. Mgongoni, kwa mkanda, alikuwa na shotigani yake mwenyewe ya kukoki kwa kuvuta kishikio, ya bei ya chini kuliko zote zilizokuwa dukani mjini Bethel.

"Mungu naye ana utani," Evon alisema, meno yakigongana. "Yangu imezama, halafu hilo bomba la choo limepona!"

"Bomba la choo halikupandisha boti juu ya gogo, shemeji. Lala nikufunge mguu."

Alikata mkono wa shati lake, akaufunga kwa nguvu mpaka Evon akatukana kwa lugha ya bibi yake. Damu ikapungua. Upepo haukupungua. Usiku kucha tufani iliwalaza kifudifudi kati ya mierebi, na kwa kuwa maji ya mto yalikuwa yameingiwa na chumvi, walikunywa mvua iliyokusanyika ndani ya kofia ya koti, wakipokezana funda moja moja.

Asubuhi upepo ulipolegea, walisikia mashine ya boti upande wa mkondo mkubwa. Watu wa kijiji walikuwa wameanza kuwatafuta.

Kila mtu wa mto ule anajua: mlio mmoja ni wa bata. Msimu wa mabata bukini bunduki hulia kutwa, na hakuna anayegeuza shingo. Lakini milio mitatu, iliyofuatana kwa nafasi sawa, ni mtu anayeomba uhai wake. Agafia alijaza risasi, akaelekeza mtutu juu na kufyatua. Akavuta kishikio kukoki tena.

Hakikusogea.

"Vuta!"

"Navuta!"

"Mpaka nyuma kabisa, usiibembeleze!"

"Ganda la risasi limekwama, Evon! Halitoki!"

Alikipiga kitako cha bunduki chini ili ganda lishtuke. Tope likakimeza kitako kama uji. Akapiga tena, likameza tena. Mlio wa mashine ukafifia, ukawa kama wa nyuki, kisha ukatoweka. Kule mbali, mtu fulani alikuwa amesikia bata wa mtu mwingine.

Evon hakutania. Kufikia mchana paja lilikuwa limevimba na kuwaka moto.

"Watarudi kesho," Agafia alisema.

"Watarudi. Sijui kama watanikuta."

Agafia akainuka. Ufukweni alipata gogo lililoletwa na tufani, akakigonga kitako juu yake huku akivuta kishikio, mpaka ganda likatoka, ukingo wake umechanika. Kisha akafungua kifuniko cha mbele, akautoa mtutu na kuutazama kwa ndani dhidi ya mwanga wa mbingu. Pale risasi inapokaa palikuwa na mikwaruzo ya duara, na ndani ya mikwaruzo, kutu mpya ya chumvi. Risasi rahisi zina kitako cha chuma. Zikipata moto zinavimba, zinang'ang'ania mikwaruzo kama kupe kwenye sikio la mbwa.

Alimpa Evon aone.

"Kiwandani hawakulainisha," Evon alisema. "Kulainisha kunakula muda, ndipo wanapopunguzia bei. Bunduki yenyewe nzima, chuma chake kizuri tu. Nyumbani ningeisugua kwa msasa jioni moja."

"Leo ndiyo unaisifu?"

"Nina homa."

Msasa hawakuwa nao. Agafia alitazama miguu yake. Tope la Kuskokwim ni laini kama unga, lakini ukiliuma linalia menoni. Alichukua ufito wa mwerebi, akauviringishia kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya sili, kisha kwenye tope.

Evon aliukumbatia mtutu kifuani, Agafia akasugua.

"Uzungushe. Ukisukuma mbele na nyuma unatengeneza mikwaruzo yako mwenyewe."

"Shika vizuri basi, unatetemeka kama bibi harusi."

Walifanya kazi mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Kila mara kichwa cha Evon kilipoanguka, Agafia alimuuliza swali, naye akaamka kujibu kwa ubishi. Mwishowe Agafia aliuosha mtutu kwa maji ya mvua na kufuta mafuta yote isipokuwa utando mwembamba. Mafuta mengi huganda kwa baridi na kuwa gundi.

Zilibaki risasi nne.

"Ukijaribu moja, zinabaki tatu kamili," Evon alisema.

"Nisipojaribu, huenda nina moja."

Bata bukini walipopita wakiruka karibu na vilele vya mierebi, alifyatua. Mmoja akaanguka. Akavuta kishikio, na ganda likaruka begani mwake bila kugoma. Walimchoma bata kwa moto mdogo wa vijiti, na Evon akanywa mafuta yake yaliyotiririka.

"Usiseme kitu kuhusu hilo bomba," alionya.

"Sijasema."

"Unacheka kwa mgongo."

Kulipokucha ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na Evon hakujua tena walipo. Kisha mashine ikasikika, karibu kuliko jana. Agafia alisimama kando ya gogo.

Mlio wa kwanza. Akavuta mpaka mwisho. Ganda likatoka.

Wa pili. Akavuta. Kishikio kikafika katikati, kikagoma.

Hakulia. Aligeuza mtutu mbali na uso wake, akakishusha kitako juu ya gogo kwa uzito wake wote huku akivuta. Hakuna. Akapiga tena, bega likalia, na ganda likaanguka topeni likitoa moshi. Akasukuma mbele, akafyatua wa tatu.

Kimya. Hata mashine haikusikika tena. Wameondoka, aliwaza.

Ndani ya ukungu bunduki ikajibu, kisha kasia likasikika likisukuma tope. Pua ya boti ikatokea, na mbele yake amesimama Bi Lusiya, mama mzee wa jirani, kofia ya manyoya imemwangukia jicho.

"Miwili tuliisikia!" alifoka. "Tukazima mashine tusikilize wa tatu! Mbona umetuchelewesha hivyo, mwanangu? Nimebana pumzi nusura nife mimi!"

Vijana wawili wakamnyanyua Evon na kumlaza juu ya ngozi. Alifumbua macho, akamtafuta Agafia.

"Aje yeye kwanza," alisema. "Yeye na bunduki yake."

Bi Lusiya alimpokea Agafia botini akataka kumpa kikombe cha chai ya moto, lakini mkono haukufunguka. Ulikuwa umeganda kwenye kishikio, kimevutwa nyuma kabisa. Mama mzee akaweka kikombe chini, akaushika mkono ule, akaupulizia pumzi ya moto, na kukifungua kidole kimoja kimoja.

"Achia," alinong'ona. "Tumesikia. Achia sasa."