Sefu ya Bunduki ya Marehemu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi seremala, mtu asiyependa porojo. Alioa mjane, na mjane akaja na bunduki ya kuwindia ya marehemu mumewe. Kila wiki aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Roho ilimuuma seremala, maana yeye mwenyewe hakuwahi kushikwa vile.

Basi akaenda kununua sefu ya kuifungia bunduki hiyo.

"Ya ufunguo au ya namba?" muuzaji akamuuliza.

"Ya namba. Nataka niijue mimi peke yangu."

Akachagua ya chuma kinene kuliko zote, akaifunga kwa bolti ukutani, kwenye stoo isiyo na dirisha. Mkewe alipoiona alisema tu, "Sawa, mume wangu."

Mchana mmoja umeme ulikatika, nyumba ikawa kimya. Seremala akasikia kitambaa kikisugua chuma huko stoo. Kumbe ameipata namba, akawaza kwa wivu. Lakini alipochungulia dirisha la sebuleni, mkewe alikuwa uani akianika nguo.

Akaingia stoo akipapasa gizani. Sauti ilikuwa inatoka ndani ya sefu. Alipoanza kuzungusha namba, ikanyamaza.

Akafungua, akawasha tochi ya simu. Bunduki ilikuwa inang'aa, mafuta bado yanachuruzika. Na upande wa ndani wa mlango palikuwa na alama ya kiganja cha mafuta. Seremala akaweka chake juu yake. Kile cha mlangoni kilikuwa kikubwa zaidi, na chuma pale kilikuwa bado na joto.