Tsuba ya Pili

Peugeot 404 nyeupe ilikuwa nyuma yake tangu Nyabusozi.

Restuta hakugeuka. Aliibana mishikio ya pikipiki yake, Honda, akaacha vumbi jekundu limpige usoni. Akipunguza mwendo, nayo ilipunguza. Akiongeza, iliongeza.

"Wakikufuata, waache," mkuu wake, Gozbert, alikuwa amemwambia kwa simu ya upepo. "Wanakusindikiza tu. Ila wasione kwamba unaogopa."

Alikuwa anaogopa.

Ilikuwa Novemba 1978. Adui ameshavuka mpaka kaskazini, na kesho msafara wa jeshi ungepita Biharamulo kwenda vitani. Mahali fulani njiani pametegwa baruti. Aliyetumwa kuilipua, kwa jina la siri Kwale, alikamatwa jana, akiwa bado hajaambiwa ni wapi. Mtu huyo hakuwa na barua. Alikuwa na kisahani cha chuma chenye tundu katikati, kile kinachokaa kati ya mpini na makali ya upanga wa Kijapani. Ndicho kitambulisho chake.

Sasa kilikuwa kwenye mkoba wa Restuta, anayekwenda mahali pake.

Bernardo, mgeni aliyejidai mnunuzi wa ngozi, alimpokea mlangoni kwake Mbuba. Nywele nyeupe, sauti ya upole. Dereva wa Peugeot alibaki nje.

"Walisema atakuja mwanamume."

"Wanaume wanapekuliwa kila kizuizi," Restuta akajibu. "Mimi wananiuliza tu naenda kwa nani."

Mezani, juu ya kitambaa cheusi, vilipangwa visahani vingi vya chuma, vya kale, kila kimoja kwenye pamba yake. Kando yake palikuwa na redio ya upepo, Racal, na bastola aina ya Browning.

"Tsuba," Bernardo akasema. "Miaka thelathini nazikusanya. Lete yangu."

Restuta akaingiza mkono mkobani.

"Usiishike!"

Alikauka.

"Jasho linaleta kutu." Macho ya mzee yalihama kutoka kwenye vidole vyake vilivyolowa hadi usoni. "Hawakukufundisha?"

Restuta alitoa mkono, akauacha mkoba wazi.

"Nilifundishwa kuibeba, bwana. Sikufundishwa kuishika."



Kisha Bernardo akacheka kidogo. Aliitoa mwenyewe kwa kitambaa, akailaza kando ya nyingine kubwa zaidi. Korongo mmoja amechongwa huku, korongo mwingine kule, wametazamana. Jozi imetimia. Mzee alizikodolea macho kama baba aliyerudishiwa mwana.

"Kalavati la Bisibo," akasema bila kuinua kichwa. "Waya umefukiwa hadi kwenye kichuguu, upande wa kushoto ukitoka Biharamulo. Lori la kwanza lipite. La pili, bonyeza."

"Nimeelewa."

Racal ikakoroma.

"Bernardo, Bernardo. Kwale amekamatwa. Narudia, Kwale amekamatwa jana. Ondoka."

Browning ilikuwa mkononi mwa Bernardo kabla sauti haijakatika. Mdomo wa bastola ulimtazama Restuta kifuani. Bastola ya Restuta, Makarov, ilikuwa chini kabisa ya mkoba. Mbali kama Dodoma.

Nitafia hapa, akawaza.

Mkono wake ukainyakua ile tsuba kubwa, kwa jasho lake lote, ukairusha juu, iangukie sakafu ya saruji.

Bernardo hakufikiri. Aliiachia bastola, akainyooshea tsuba mikono yote miwili.

Aliidaka.

Alipoinua macho, Makarov ilikuwa imeshatoka mkobani. Risasi ilimpata begani. Alianguka, chuma amekikumbatia.

Nje, dereva alisikia mlio, akatokomea migombani kwa miguu.

Restuta alimfunga mzee mikono, akabadili masafa ya Racal.

"Gozbert. Kalavati la Bisibo. Waya unaishia kwenye kichuguu, kushoto ukitoka Biharamulo."

"Umeeleweka. Na wewe?"

"Mzima. Tuma mgambo wamchukue."

Walipofika, alijifuta uso kwa khanga, akatoka. Mzee mmoja wa kijijini alikuwa amesimama uani, jembe begani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Kitu gani kimelia huko ndani?"

"Tairi la gari, mzee. Limepasuka."

Mzee aliitazama Peugeot. Matairi yote manne yamejaa upepo. Akamtazama na yeye, kwa muda.

"Poleni," akasema, akashika njia ya shambani.

Restuta akapiga kiki Honda, akaondoka taratibu.